Dinosaria Walioangamia na Dinosaria Waliobaki

Tabaka la udongo linalotenganisha zama za dinosaria na zama zilizofuata lina unene wa sentimita moja au mbili tu. Karibu na mji wa Gubbio, katikati ya Italia, linaonekana waziwazi kwenye genge la kando ya barabara. Chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyojaa mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini. Juu yake chokaa inaendelea, lakini viumbe wale karibu wote hawamo. Katikati umebanwa udongo mwembamba wa mfinyanzi, wenye umri wa miaka milioni 66. Mifupa ya dinosaria iliyo ya zamani kuliko tabaka hilo imepatikana katika mabara yote, hata Antaktika. Katika mawe yaliyofuata haionekani tena, ukiondoa ya tawi moja ambalo habari zake zinakuja mbele.

Si kila mnyama mkubwa wa kale alikuwa dinosaria. Jina hilo, lililotolewa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen, linahusu jamii ya reptilia waliosimama na miguu ikiwa imenyooka chini ya mwili, tofauti na kenge au mjusi ambaye miguu yake hutanuka pembeni. Alama yao kubwa iko kwenye nyonga: shimo linalopokea kichwa cha mfupa wa paja limetoboka mpaka upande wa pili. Terosaria walioruka kwa mbawa za ngozi hawamo katika jamii hiyo, wala mosasaria na plesiosaria wa baharini, ingawa vitabu vya watoto huwachora wote pamoja. Kenge, kobe na nyoka nao hawamo. Mamba ana udugu wa kweli na dinosaria, lakini ni udugu wa mabinamu. Yeye hakutokana nao.

Miongoni mwa mabaki ya kale kuliko yote yanayohusishwa na jamii hii ni ya Nyasasaurus, mnyama wa miaka milioni 243 hivi iliyopita. Mifupa yake michache, yaani mfupa wa mkono na pingili za uti wa mgongo, ilichimbwa kusini mwa Tanzania, mashariki ya Ziwa Nyasa, katika miaka ya 1930. Ilikaa katika makumbusho ya ng'ambo kwa miongo mingi hadi ilipoelezwa rasmi mwaka 2012, na mpaka leo wataalamu wa visukuku wanabishana: wengine humwita dinosaria wa mwanzo, wengine ndugu wa karibu tu.

Kosa jingine lililozoeleka ni kudhani kwamba dinosaria wote waliishi pamoja na kufa pamoja. Kilima cha Tendaguru, katika nchi ya ndani ya Lindi, kinatosha kulisahihisha. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalifanya huko uchimbaji ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ingawa jasho lilikuwa la mamia ya vibarua wa kusini, waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na madai ya kutaka arudishwe yamesikika mara nyingi Tanzania, hata bungeni. Giraffatitan aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Tyrannosaurus wa Amerika Kaskazini, mashuhuri kuliko dinosaria wote, aliishi kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Kwa hesabu hiyo Tyrannosaurus yuko karibu zaidi na binadamu wa leo kuliko alivyokuwa karibu na mnyama wa Tendaguru. Spishi nyingi za dinosaria zilikuja na kwisha zenyewe, kama zinavyokwisha spishi zote. Linalohitaji maelezo ni jinsi zile za mwisho zilivyokwisha kwa mkupuo.

Jibu lilianzia kwenye ule udongo wa Gubbio. Katika miaka ya 1970 mwanajiolojia Mmarekani Walter Alvarez alikuwa hapo kwa shughuli nyingine kabisa, ya kuchunguza kumbukumbu za usumaku wa dunia zilizohifadhiwa ndani ya mawe. Tabaka lile likamsumbua: lilichukua muda gani kujengeka? Baba yake, Luis Alvarez, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1968, alitoa wazo la kupima iridi. Metali hiyo ni adimu sana kwenye ganda la dunia, kwa kuwa iliyokuwepo ilizama kwenye kiini tangu dunia ikiwa bado imeyeyuka. Lakini katika asteroidi na vimondo imo ya kutosha. Vumbi la kutoka anga za juu hutua duniani kidogo kidogo kila mwaka, kwa hiyo kiasi cha iridi kingeweza kuonyesha miaka iliyopita. Frank Asaro na Helen Michel, wakemia wa nyuklia, walifanya vipimo. Matokeo yaliharibu hesabu yote. Iridi ilikuwa mara 30 hivi ya kiwango cha mawe ya jirani. Katika tabaka la umri huohuo kwenye magenge ya Stevns Klint, nchini Denmark, ilikuwa mara 160.

Vumbi la kawaida halingeweza kuleta kiasi hicho. Mwaka 1980 wanne hao walichapisha hoja yao: asteroidi yenye kipenyo cha kilomita 10 hivi iliigonga dunia, na vumbi lake likaizunguka sayari nzima na kuliziba jua. Upinzani ulikuwa mkali, na haukuwa wa kijinga. Wajiolojia walikuwa wamefundishwa kwa vizazi kwamba dunia hubadilika polepole. Maelezo ya janga la ghafla yalinukia hadithi. Tena palikuwa na swali moja lisilokwepeka: shimo liko wapi?

Shimo lilikuwa limeshaonekana. Glen Penfield na Antonio Camargo, waliofanya kazi ya utafutaji mafuta kwa ajili ya shirika la mafuta la Meksiko, walikuwa wameliona kwenye vipimo vya usumaku na mvutano wa ardhi katika rasi ya Yucatán: duara kubwa, nusu nchi kavu na nusu chini ya bahari, likiwa limefukiwa na mawe yaliyotua baadaye. Walilieleza kwenye mkutano wa wataalamu mwaka 1981, lakini watu waliokuwa wakilitafuta shimo hilo hawakuwepo, au hawakusikia. Miaka kumi ikapita hadi Alan Hildebrand na wenzake, Penfield na Camargo wakiwemo, walipoandika mwaka 1991 kwamba hilo ndilo lililokuwa likitafutwa. Limeitwa Chicxulub, kwa jina la kijiji kilicho juu yake, na upana wake ni kilomita 180 hivi. Luis Alvarez alikuwa amefariki mwaka 1988.

Mwaka 2016 chombo cha kuchimbia kiliwekwa baharini juu ya shimo hilo, na vipande virefu vya miamba vikatolewa kutoka kilindini. Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, matale iliyokuwa chini sana ardhini ilikuwa imerushwa juu na kutulia ikiwa pete ya vilima ndani ya shimo. La pili lina uzito zaidi kwa habari hii. Eneo lile lilikuwa na jasi kwa wingi, jiwe lenye salfa ndani yake, lakini katika vipande vilivyotolewa jasi ilikuwa karibu haimo. Ilikuwa imegeuka mvuke na kupaa. Salfa ikifika juu angani hujenga ukungu unaorudisha nuru ya jua, na ukungu huo hukaa muda mrefu kuliko vumbi. Hapa bahati mbaya ilichangia: jiwe lilelile kama lingetua katikati ya bahari kuu, mahali pasipo na jasi wala mawe yenye mafuta, madhara yake huenda yangekuwa madogo zaidi.

Saa za kwanza zilikuwa za moto na maji. Jiwe lililokuja kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa sekunde liliyeyusha miamba na kuirusha juu. Matone yake yaliganda kuwa vishanga vya kioo na kunyesha mbali sana. Mawimbi ya tsunami yalivuka Ghuba ya Meksiko. Mahali paitwapo Tanis, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, samaki walifukiwa wakiwa na vishanga hivyo ndani ya mashavu yao. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulisoma mistari ya ukuaji kwenye mifupa ya samaki hao, kwa kuwa samaki huongezeka haraka msimu wa chakula kingi na polepole msimu wa njaa. Walikufa mifupa yao ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuongezeka. Asteroidi ilianguka wakati wa majira ya kuchipua katika kizio cha kaskazini. Ni jambo la kushangaza kwamba tukio la miaka milioni 66 linaweza kujulikana msimu wake.

Hata hivyo, mauaji makubwa hayakufanywa na moto. Yalifanywa na giza na baridi, na mwishowe njaa. Salfa, vumbi na masizi vilipoziba jua, mimea ya nchi kavu na ile midogo inayoelea baharini haikuweza kujitengenezea chakula. Walaji wa majani walikosa majani, walaji wa nyama wakakosa walaji wa majani. Chembe za mbegu na chavua zilizobaki kwenye mawe ya Amerika Kaskazini zinaonyesha misitu ikitoweka ghafla, na nafasi yake kushikwa na kangaga, mimea ambayo hata leo hutangulia kuota mahali palipoungua. Robo tatu hivi ya spishi zote za mimea na wanyama zilipotea. Amonaiti, waliokuwa wameijaza bahari kwa mamia ya mamilioni ya miaka, walikwisha kabisa. Nchi kavu karibu hakuna mnyama wa zaidi ya kilo 25 aliyepona. Waliopona wengi walikuwa wadogo, wenye mashimo ya kujifichia, wasiochagua chakula, au walioishi kwenye maji baridi ambako wadudu na minyoo huendelea kula taka na majani yaliyooza hata jua lisipowaka. Mamba alikuwa na silaha nyingine: anaweza kukaa miezi bila kula.

Volkeno za India haziwezi kuachwa nje ya habari hii. Nyanda za Deccan ni lava iliyomwagika kwa awamu katika kipindi cha chini ya miaka milioni moja, kikianza kabla ya asteroidi na kuendelea baada yake. Lava iliyobaki leo inafunika kilomita za mraba 500,000 hivi, zaidi ya nusu ya eneo la Tanzania, na penginepo unene wake unafika kilomita mbili. Wapo wanajiolojia, Gerta Keller akiwa mstari wa mbele, wanaoshikilia kwamba gesi za volkeno hizo ndizo zilizoua. Mwaka 2010 wataalamu 41 waliupitia ushahidi wote na kuamua kwamba asteroidi ilitosha yenyewe. Maoni yenye nguvu sasa yako upande huo, kwa sababu inayoeleweka: kutoweka kwa viumbe wa baharini kunaangukia hasa kwenye tabaka la iridi, si mamia ya maelfu ya miaka kabla yake. Volkeno huenda ziliyumbisha hali ya hewa, na baadaye kuchelewesha au hata kusaidia kupona kwake. Hilo halijakwisha kubishaniwa. Shimo jingine, Nadir, la kipenyo cha kilomita 9 hivi chini ya bahari nje ya pwani ya Guinea, lilitangazwa mwaka 2022. Umri wake unakaribiana na wa Chicxulub, lakini ni dogo mno kuhesabiwa kama muuaji wa pili.

Tawi lililopona ni ndege. Kauli hiyo haitolewi kwa mfano wala kwa mzaha. Katika uainishaji wa wanyama, ndege ni dinosaria kama popo alivyo mamalia. Dalili ya kwanza ilipatikana mwaka 1861 katika mawe ya chokaa ya Solnhofen, Ujerumani: Archaeopteryx, mwenye mbawa na manyoya kamili ya ndege, lakini pia meno, kucha kwenye mbawa na mkia mrefu wa mifupa. Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin, alimlinganisha na dinosaria mdogo Compsognathus aliyetoka kwenye mawe hayohayo, akasema udugu wao hauna kificho. Archaeopteryx aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, yaani zama zilezile ambazo Giraffatitan alikuwa akila majani ya miti ya Tendaguru. Visukuku vya wanyama wa aina zote mbili vimehifadhiwa leo katika makumbusho moja ya Berlin. Ndege, kwa hiyo, hawakuzaliwa baada ya dinosaria kufa. Waliishi pamoja nao kwa zaidi ya miaka milioni 80.

Wazo la Huxley lilizimika kwa muda mrefu, kwa kuwa iliaminiwa kwamba dinosaria hawakuwa na ule mfupa wa kifuani wenye umbo la V ambao kila mpasua kuku anaujua. Walikuwa nao, haukuwa umetambuliwa tu. Aliyelifufua wazo hilo ni John Ostrom, aliyechimbua mnyama Deinonychus huko Montana mwaka 1964 na kumweleza mwaka 1969. Kifundo chake cha mkono kilizunguka kwa namna ileile bawa la ndege linavyokunjwa. Kisha China ikatoa ushahidi ambao hata asiye mtaalamu anauona kwa macho. Mwaka 1996 katika mkoa wa Liaoning alitangazwa Sinosauropteryx, dinosaria asiyeruka, ambaye jiwe lilihifadhi vinyweleo vya manyoya kuuzunguka mwili wake. Wengine wengi wakafuata, hadi Yutyrannus wa mwaka 2012, mla nyama wa mita 9 hivi, ndugu wa Tyrannosaurus, naye akiwa na manyoya. Manyoya yalikuwepo kwanza, kwa ajili ya joto na pengine maringo; kuruka kulikuja baadaye.

Tabia nazo zinafanana. Oviraptor, aliyepatikana Mongolia mwaka 1923 juu ya lundo la mayai, alisingiziwa wizi kwa miaka 70, hadi mwaka 1993 yai la aina hiyo lilipokutwa na kiinitete cha jamii yake mwenyewe. Ndugu zake wengine wamepatikana wakiwa wamefia juu ya viota, mikono imetandazwa kuyafunika mayai, mkao wa kuku anayeatamia. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walieleza kwamba ndani ya paja la Tyrannosaurus mmoja mlikuwa na aina ya mfupa ambayo ndege jike hujijengea wakati wa kutaga, ili apate kalisi ya maganda ya mayai. Mifupa yenye uwazi wa hewa, vidole vitatu vya mbele, hatua zilizonyooka: orodha ni ndefu. Kuku wa uani ana undugu wa karibu zaidi na Tyrannosaurus kuliko mamba au kenge yeyote.

Lakini si ndege wote waliopona. Wakati huo anga lilikuwa na makundi mengi ya ndege wenye meno, na yote yaliangamia pamoja na dinosaria wakubwa. Waliovuka ni wachache wenye midomo isiyo na meno. Hoja moja ni kwamba mdomo wa namna hiyo uliwawezesha kuokota mbegu zilizolala ardhini, chakula kilichodumu kwa miaka hata miti ilipokufa. Hoja nyingine ni kwamba misitu ilipotoweka, ndege wa mitini walikosa makazi na wale wa ardhini na majini wakabaki. Hoja hizo mbili hazipingani. Ndege mdogo Asteriornis, aliyeelezwa mwaka 2020 kutoka Ubelgiji, aliishi chini ya miaka milioni moja kabla ya janga. Alikuwa na udugu na kuku pamoja na bata, na aliishi karibu na pwani. Kutoka kwa wale wachache waliovuka wametokana ndege wote wa leo, spishi karibu 11,000. Tanzania na Kenya kila moja ina zaidi ya 1,000, kuanzia mbuni hadi chozi.

Swali la kama dinosaria mkubwa bado amejificha mahali huulizwa zaidi kuhusu Kongo. Watu wa mabwawa ya Likouala, karibu na Ziwa Tele katika Jamhuri ya Kongo, wana masimulizi ya mokele-mbembe, mnyama wa majini ambaye wageni wa karne ya 20 walimfananisha na dinosaria wenye shingo ndefu. Mwanabiolojia Roy Mackal wa Chicago alimfuata huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na misafara mingine ikafuata. Hakuna mfupa, mzoga wala picha safi iliyoletwa. Tena mnyama mmoja hawezi kuishi miaka milioni 66. Linatakiwa kundi zima, kizazi baada ya kizazi, na makundi huacha mifupa.

Watetezi wa mokele-mbembe humtaja silikanti, na hoja yao ina uzito kidogo. Samaki huyo alijulikana kwa visukuku tu, vya mwisho vikiwa vya zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye alipatikana Komoro, na kuanzia mwaka 2003 nyavu za Tanzania, hasa za Tanga, zimemnasa mara nyingi kiasi cha kutengewa hifadhi ya bahari. Tofauti ni kwamba silikanti hukaa kwenye miamba ya kina kirefu, mahali ambapo mifupa yake haikuelekea kuingia kwenye mawe yanayochimbwa na watu. Mnyama wa tani kadhaa, anayekula mimea ya nchi kavu na kufia kingo za mito, hana maficho ya namna hiyo.

Kuwarudisha kwa maabara nako hakuwezekani. DNA ya kale kuliko zote iliyowahi kusomwa, iliyotolewa kwenye udongo wa Greenland na kutangazwa mwaka 2022, ina umri wa miaka milioni 2 hivi. Ya milioni 66 imekwisha sagika. Njia iliyobaki ni kurudi nyuma kupitia ndege. Mwaka 2015 Bhart-Anjan Bhullar na Arhat Abzhanov walizuia kazi ya protini fulani katika viinitete vya kuku, na mifupa ya mdomo ikakua ikiwa mifupi na iliyotengana, karibu na pua za dinosaria wa kale kuliko mdomo wa kuku. Lengo lilikuwa kujua mdomo ulivyoanza, na viinitete hivyo havikuachwa viangulike.